UVIMBE MGUMU WA TAYA UNAOFANANA NA KANSA

Na Mganga wa Zahanati

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma, weka vidole viwili kwenye shavu lako, chini kidogo ya sikio, pale taya linapokata kona kuelekea kidevuni. Sasa uma meno kwa nguvu. Umesikia mnofu unavyokaza? Achia. Mnofu umelegea. Kwa mtu mwenye afya, pahali hapo hukaza na kulegea hivyo maisha yake yote.

Lakini wako watu ambao pahali hapo hukaza na hapalegei tena. Wakigusa wanakuta pagumu kama ubao. Maumivu si makubwa. Homa hakuna, au ipo kidogo tu. Mwezi unapita, wa pili unapita, na ugumu unazidi kupanuka kuelekea shingoni. Majirani wanaanza kunong'ona. Neno moja linatajwa, tena kwa sauti ya chini: kansa, au kama wengine wanavyoiita, saratani.

Uvimbe wa namna hiyo unaweza kuwa kansa kweli. Siwezi kuwadanganya. Lakini upo ugonjwa mwingine ambao hutokea mara chache, nao hufanana sana na kansa ya taya na shingo. Ugonjwa huo si kansa. Huletwa na vijidudu, na hupona kwa penisilini, dawa ambayo wengi wenu mmekwisha kuchomwa. Huo ndio somo letu la leo.

JINA LAKE

Ugonjwa huu unaitwa aktinomikosisi. Tusome pamoja, polepole: ak-ti-no-mi-ko-si-si. Jina ni refu na hakuna atakayekufanyia mtihani. Ila ukiliona limeandikwa kwenye karatasi ya hospitali, ujue maana yake.

Limetoka katika lugha ya Kigiriki, na maana yake ni kama kusema "uyoga wa miale". Wataalamu wa zamani walipotazama usaha wa wagonjwa kwa darubini, waliona vijidudu vimejipanga kuzunguka mahali pamoja, kama miale ya jua linapochomoza. Wakadhani ni aina ya kuvu au uyoga. Leo tunajua kwamba si kuvu, ni bakteria. Lakini jina lilikwisha kuandikwa vitabuni, likabaki hivyo hivyo.

NG'OMBE ALITANGULIA

Mfugaji wa siku nyingi huenda amewahi kumwona ng'ombe ambaye taya lake limevimba kama jiwe. Uvimbe haumwagiki na hausogei ukiusukuma. Baadaye hutoboka na kutoa usaha. Ng'ombe hushindwa kucheua vizuri, hukonda. Hata Ulaya wafugaji waliuona uvimbe huo kwa miaka mingi, na madaktari wa mifugo wakauhesabu kuwa ni kansa ya mfupa.

Mwaka 1877 mtaalamu mmoja wa mji wa Munich, Ujerumani, jina lake Otto Bollinger, alionyesha kwamba ndani ya uvimbe huo wa ng'ombe mlikuwa na vijidudu. Mwaka uliofuata, 1878, daktari wa upasuaji wa mji wa Berlin aliyeitwa James Israel aliandika habari za watu waliokuwa na ugonjwa wa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo uvimbe ambao wengi waliuita kansa ulianza kutengwa na kansa. Hayo ni mambo ya karibu miaka 150 iliyopita, lakini kosa la kuuchanganya na kansa linafanyika hata leo, hata katika hospitali kubwa, kwa sababu kwa macho vinafanana mno.

Watu walipojua kwamba ng'ombe na binadamu wanaugua ugonjwa mmoja, walianza kumwogopa ng'ombe. Wengine Ulaya walisema mtu huupata kwa kutafuna majani au mabua, kama ng'ombe. Hayo hayakuwa kweli. Kijidudu cha ng'ombe na kijidudu cha binadamu ni ndugu, lakini kila mmoja ana nyumba yake. Huambukizwi na ng'ombe wako. Kama ng'ombe ana uvimbe wa taya, mwite bwana mifugo, maana naye ana dawa yake. Akichinjwa, mkaguzi wa nyama ndiye wa kuamua. Kwa kawaida kichwa chenye ugonjwa huo hutupwa.

Na hapa niseme jambo ambalo nadhani ni kubwa kuliko yote katika sehemu hii. Mgonjwa wa aktinomikosisi hamwambukizi mtu. Unaweza kula naye sahani moja. Unaweza kulala naye kitanda kimoja. Mtoto anaweza kupakatwa na baba yake mwenye uvimbe huu. Hakuna sababu ya kumtengea kikombe.

VIJIDUDU VINAKAA WAPI?

Vinakaa kinywani mwako. Vinakaa kinywani mwangu pia. Karibu kila mtu mzima anavyo, kwenye utando unaoganda juu ya meno, kando ya fizi, na kwenye mashimo madogo ya koo. Vinakaa hapo bila kutudhuru.

Mfano mzuri ni mchwa. Mchwa wapo uani kwako kila siku. Wanakula vijiti vikavu na majani yaliyoanguka, na wewe huna habari nao. Lakini nguzo ya nyumba ikipata ufa, wanaingia. Mchwa hapendi hewa wala mwanga, hujenga njia zake gizani, ndani ya mti. Hajali mti umekwenda wapi, hupenya tu. Nguzo kwa nje inaonekana nzima. Siku moja unaona tundu hapa, tundu pale, na unga unadondoka.

Vijidudu hivi vina tabia hiyo. Navyo havipendi hewa. Ngozi ya ndani ya kinywa ikiwa nzima, havipiti. Vinangoja ufa. Ufa huo huwa ni jino lililooza mpaka kwenye mzizi, fizi zilizougua, jino lililong'olewa, taya lililovunjika kwa ajali au kwa ngumi, au jeraha la upasuaji kinywani. Vikipata njia, vinaingia katika nyama ya chini ambako hewa ni haba, na hapo huanza kazi yake polepole.

Hupata zaidi wanaume kuliko wanawake, na watu wazima kuliko watoto. Mtu mwenye kisukari, au ambaye kinga ya mwili wake imepungua, yuko katika hatari zaidi. Si kwamba kila mwenye jino bovu atapatwa. La. Ni ugonjwa wa nadra. Mganga anaweza kufanya kazi zahanati miaka mingi asiuone hata mara moja, na hiyo ndiyo sababu moja inayofanya usitambuliwe ukija.

DALILI ZAKE

Kwanza ni uvimbe, mara nyingi kwenye kona ya taya au chini ya taya. Huanza wiki au miezi baada ya jino kuugua au kung'olewa, kiasi kwamba mgonjwa amekwisha kulisahau jino lenyewe. Ukimwuliza atasema, "Jino? Hilo lilikwisha zamani."

Uvimbe huwa mgumu. Ngozi ya juu yake hubadilika rangi. Kwa mtu mweupe huonekana nyekundu au ya zambarau, na kwa ngozi yetu huonekana nyeusi zaidi, inang'aa. Ikiwa mnofu wa kutafunia umeingiliwa, mdomo haufunguki vizuri na mgonjwa hushindwa kumeza tonge.

Halafu hutokea matundu. Moja, mawili, wakati mwingine matatu. Hutoa usaha, hufunga yenyewe, na jingine hufunguka pembeni. Ndani ya usaha huo huweza kuonekana punje ndogo sana za manjano, kama chenga za unga wa mahindi ya njano, ule ambao wazee waliuita unga wa yanga. Kila punje ni kijiji kizima cha vijidudu vilivyoshikamana. Basi ukiziona punje hizo kwenye shashi au kitambaa kilichofunika kidonda, usikitupe. Kifunge katika mfuko safi uende nacho kwa mganga. Kitambaa hicho kinaweza kumwambia daktari mambo ambayo mgonjwa mwenyewe hawezi kuyasema. Lakini wapo wagonjwa ambao punje hazionekani kabisa, kwa hiyo kutoziona si dalili kwamba ugonjwa haupo.

MBONA UNAFANANA NA KANSA?

Jipu la kawaida tunalijua. Huuma sana, huwa na joto, huiva, hupasuka, hupona. Mambo yote ni ya siku chache. Nalo huheshimu mipaka, maana likitokea kwenye ngozi hubaki kwenye ngozi.

Aktinomikosisi haina mipaka. Inapita kutoka kwenye fizi kwenda kwenye mnofu, kutoka kwenye mnofu kwenda kwenye ngozi, na mara nyingine hula mfupa. Hivyo ndivyo kansa nayo inavyofanya. Zote mbili ni ngumu kwa kugusa. Zote mbili huenda polepole bila homa kali. Hata picha ya eksirei inaweza kuonyesha mfupa ulioliwa, na daktari asijue ni nani kaula.

Yapo pia magonjwa mengine yanayovimbisha pahali hapo. Kifua kikuu cha tezi huleta matezi shingoni, mara nyingi zaidi ya moja, ambayo baadaye hushikamana na huweza kutoboka. Ugonjwa huu ni wa kawaida kuliko aktinomikosisi, na unayo dawa. Kansa ya kinywa huja sana kwa watu wanaovuta tumbaku, wanaoweka ugoro mdomoni na wanaokunywa pombe kali. Mara nyingi huanza na kidonda kisichopona. Kidonda cha mdomoni kikizidi wiki 2 bila kupona, kipelekwe kikaonwe.

Na watoto je? Kwa mtoto mambo ni tofauti kabisa. Iko kansa ya taya ya watoto, hasa katika nchi zetu zenye malaria nyingi. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, Uganda, aliandika habari zake mwaka 1958, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Uvimbe wa Burkitt haungoji miezi, unaongezeka siku hadi siku. Meno ya mtoto hulegea, pengine jicho hutokeza. Mtoto wa namna hiyo asikae nyumbani hata wiki moja. Kansa hiyo inatibiwa kwa dawa, na watoto wengi hupona wakifika mapema. Mzazi asidhani kwamba ni jino linaota.

Mnaona basi kwamba kwa macho na vidole peke yake hakuna mtu anayeweza kuyatenganisha magonjwa haya yote. Mimi siwezi. Daktari bingwa hawezi. Na mganga wa jadi, pamoja na heshima tunayompa, hawezi.

MFANO WA BABA NEEMA

Tuchukue mfano wa kufundishia. Tuseme yuko mkulima wa pamba na mahindi, ana umri wa miaka 45. Tumwite Baba Neema.

Gego lake la chini liliuma mwaka mzima. Siku ya mnada alikutana na mtu anayeng'oa meno kwa koleo chini ya mti. Jino likatoka, lakini kipande cha mzizi kikabaki. Kinywa kilipona juu juu. Baada ya wiki 6, kona ya taya ikaanza kuwa ngumu. Alinunua vidonge 6 vya kuua vijidudu kwenye duka la dawa. Uvimbe ukapungua, akafurahi. Baada ya wiki 2 ukarudi. Akanunua tena vidonge 6. Ukapungua, ukarudi. Mwezi wa 4 ngozi ikatoboka.

Tangu hapo alijifunga kitambaa shingoni. Akaacha kwenda mikutanoni. Wakati wa chakula alijitenga, akisema hana njaa, kumbe anaogopa kuwaambukiza watoto.

Siku moja kaka yake mkubwa akaja kumwona. Walikaa uani, yeye, Baba Neema, na Mama Neema.

"Mdogo wangu," alisema kaka, "hii ni kansa. Nimeiona kwa jirani yangu, ilianza hivi hivi. Wewe una ng'ombe watatu. Ukiwauza kwa ajili ya hospitali, halafu ukatutoka, watoto watakula nini?"

Baba Neema alinyamaza. Yeye mwenyewe alikwisha kupiga hesabu hiyo usiku mwingi.

Mama Neema ndiye aliyejibu. "Shemeji, nakuheshimu. Lakini aliyesema ni kansa ni nani? Amepima kwa nini?"

Kaka hakuwa na jibu, na wala hakuwa mtu mbaya. Hesabu yake ya ng'ombe na watoto ni hesabu ambayo familia nyingi huifanya. Tatizo ni kwamba alifanya hesabu kabla ya kuijua namba ya kwanza.

Walikwenda zahanati. Zahanati ikaandika barua ya rufaa. Hospitali ya wilaya ikampeleka mbele zaidi, kwa daktari wa kinywa na meno. Akachomwa sindano ya ganzi, akakatwa kinyama kidogo ndani ya uvimbe, kikapelekwa maabara. Jibu lilichukua siku nyingi, na siku hizo zilikuwa nzito kuliko ugonjwa. Lilipokuja, hapakuwa na neno kansa. Kulikuwa na lile jina refu tulilolisoma pale juu.

Mtauliza, je, jibu lingekuja kuwa ni kansa? Hata hivyo Mama Neema angekuwa ameuliza swali sahihi. Kansa iliyogunduliwa mapema ina nafasi kubwa ya kutibiwa kuliko iliyochelewa. Na hata iliyochelewa, mgonjwa ana haki ya kupunguziwa maumivu na kuoshwa kidonda, badala ya kujificha nyuma ya kitambaa.

KUKATWA KINYAMA

Watu wengi wanaogopa kipimo hiki. Husema, "Kansa ikiguswa na kisu inasambaa." Nimesikia maneno haya vijijini na mjini, na yamewafanya watu wakimbie hospitali wakiwa mlangoni. Ndugu, bila kinyama hicho hakuna anayeweza kuchagua dawa. Kinachomwangusha mgonjwa wa kansa ni kuchelewa. Daktari anajua pa kukata, na kinachohitajika ni kipande kidogo tu.

Kinyama kikifika maabara hukatwa vipande vyembamba sana, hutiwa rangi, hutazamwa kwa darubini. Pia usaha huweza kuoteshwa ili kuona vijidudu gani vitamea. Kwa kuwa vijidudu hivi havipendi hewa, kuviotesha ni kazi ngumu, na mara nyingi havimei. Tena mgonjwa akiwa amekula vidonge siku za karibuni, huwa vigumu zaidi. Ndiyo maana nasema usianze kujinunulia dawa kabla ya kupimwa. Kama umekwisha kuzinywa, mwambie daktari bila kuona haya, umtajie na jina la dawa. Na ikiwa ataomba kukata kinyama mara ya pili, usidhani amekosea. Mara nyingine kipande cha kwanza hakikuugusa ugonjwa wenyewe.

Vipimo hivi hufanyika katika hospitali kubwa, kama vile Bugando iliyoko Mwanza, KCMC iliyoko Moshi, na Muhimbili iliyoko Dar es Salaam. Lakini si lazima mgonjwa aanzie huko. Aanzie zahanati, apewe barua. Barua ya rufaa humfungulia njia, na huokoa siku za kuulizauliza.

DAWA NI ILE ILE, LAKINI SAFARI NI NDEFU

Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, na wagonjwa wengi walianza kuipata katika miaka ya 1940. Kabla ya hapo wagonjwa wa aktinomikosisi walikatwa tena na tena, na wengi walikufa. Vijidudu hivi mpaka leo havijajifunza kuishinda penisilini. Hilo ni jambo la kushukuru, maana si vijidudu vyote vilivyobaki na adabu hiyo.

Kwa ugonjwa uliokomaa, mgonjwa hulazwa na kuchomwa penisilini nyingi kwenye mshipa, kwa kawaida wiki 2 hadi 6. Kisha hupewa vidonge vya jamii ya penisilini kwa miezi mingi, mara nyingi 6 hadi 12. Ugonjwa wa taya ulioshikwa mapema huweza kupona kwa muda mfupi kuliko huo, lakini anayeamua ni daktari, si mgonjwa. Kama kuna jipu, hufunguliwa. Kama mzizi wa jino ulibaki, huondolewa.

Mbona muda mrefu hivyo? Turudi kwa mchwa. Ukimwaga dawa kwenye tundu moja la nguzo, mchwa wa hapo watakufa. Kichuguu chenyewe kiko mbali, na malkia yuko ndani amekaa. Uvimbe wa ugonjwa huu umejaa makovu magumu. Damu hupita kwa shida, na dawa husafirishwa na damu. Kwa hiyo dawa lazima iendelee kuja, siku baada ya siku, mpaka ifike ndani kabisa. Vidonge 6 vya Baba Neema viliua vijidudu vya mlangoni tu.

Hatari kubwa huja mwezi wa 2 au wa 3. Uvimbe umelainika, matundu yamefunga, mgonjwa anatafuna mhogo wa kuchoma. Anasema, "Mimi nimepona, hizi dawa ni za nini?" Hapo ndipo wengi huacha, na ugonjwa hurudi. Mnaowajua watu waliotibiwa kifua kikuu mnaelewa jambo hili.

Mambo mawili zaidi kuhusu dawa. Kwanza, dawa ya metronidazoli, ambayo watu wengi hukimbilia kuinunua jino likiuma, haiui vijidudu hivi. Ina kazi yake nyingine, lakini hapa haifai peke yake. Pili, wapo watu ambao penisilini huwadhuru. Huvimba uso, huwashwa mwili mzima, hubanwa pumzi. Kama iliwahi kukutokea, sema kabla hujachomwa. Zipo dawa nyingine za kuishika nafasi yake, kama doksisaiklini.

Na kidonda kifunikwe kwa shashi safi. Kisikamuliwe. Kisipakwe majani wala mavi ya ng'ombe, wala kisichanjwe chale. Chale ni ufa mpya kwenye nguzo.

MENO

Kwa kuwa ufa huanzia kwenye meno, tuseme kidogo. Piga mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala. Mswaki wa mti unafaa ukiwa laini na ukifika nyuma kwenye magego, siyo kusugua meno ya mbele tu yanayoonekana ukicheka. Dawa ya meno yenye floridi inasaidia. Jino lenye tundu liende hospitali likiwa bado dogo, maana huweza kuzibwa. Jino la kung'oa ling'olewe na aliyesomea, kwa vyombo vilivyochemshwa, na kila mzizi uonekane umetoka. Mwombe akuonyeshe. Ni jino lako.

Baada ya kung'oa, ukiona uvimbe haujakwisha kwa wiki 2, rudi.

HESABU YA KIKUNDI CHA KISOMO

Someni kwa sauti, kisha mjibu pamoja. Hesabu hii ni ya kujifunzia tu. Kila mgonjwa hupewa kipimo chake na daktari.

Baba Neema ametoka hospitali. Ameandikiwa vidonge 2, mara 3 kwa siku, kwa miezi 6. Tuseme kila mwezi una siku 30. Je, atakunywa vidonge vingapi kwa siku moja? Vingapi kwa mwezi mmoja? Vingapi kwa miezi yote 6?

Leo ni mwisho wa mwezi wa 2. Mama Neema amehesabu vidonge vilivyobaki nyumbani, amekuta 24. Vitatosha siku ngapi? Zahanati iko umbali wa saa 3 kwa miguu, na mvua za masika zimeanza. Aende lini kuchukua vingine?